Funga Bomba Kabla ya Kupiga Deki: Namna ya Kukabiliana na Baruapepe Zisizotakiwa

Waja leo waondoka leo, ndivyo unavyosifiwa mji wetu wa Tanga, lakini baruapepe zinazoingia katika simu za wakazi wake hazina desturi hiyo, kwani zaja leo, kesho zingali zipo, na keshokutwa zimeshawaleta jamaa zao. Katika duka langu la steshenari huku Ngamiani, ambako watu huja kuchapa barua, kutoa nakala na kujaza fomu za mtandaoni, kazi inayonichukulia muda mwingi siku hizi ni kuzibua akaunti za baruapepe zilizofurika matangazo. Karibu kila anayeniletea akaunti ya namna hiyo ameshajaribu kuisafisha mwenyewe, na wengi wao wameanzia mwisho.

Miongoni mwao yumo mwalimu mstaafu anayepangisha vyumba viwili vya wageni upande wa Raskazone. Alifika asubuhi moja, akaegemeza baiskeli yake ukutani, nikamwamkia, naye baada ya kuitikia marahaba akanikabidhi simu na kuniuliza, "Mwanangu, hii inaniambia nimejaa. Nimejaa nini?" Barua ambazo hazijasomwa zilikuwa zaidi ya elfu kumi na moja. Kwa muda wa wiki nzima, kila baada ya swala ya isha, mwalimu alikuwa akikaa barazani na kufuta barua mojamoja kwa kidole gumba, na kila alfajiri alikuta nyingine zimeingia. Kibaya zaidi, mgeni mmoja aliyetaka chumba alikuwa amemwandikia mara mbili, na mara zote mbili barua ilimrudia, kwa sababu akaunti iliyoishiwa nafasi haipokei chochote, si tangazo wala habari njema.

Mwalimu hakukosa bidii. Alikuwa akipiga deki huku bomba linamwaga maji. Utaratibu unaofaa ni kuziba kwanza njia zinazoleta barua, na kufuta zilizomo baadaye. Tena kuna sababu ya pili ya kutoharakia kufuta, ambayo watu hawaifikirii: zile barua elfu kumi na moja ndizo ushahidi wako. Ndizo zinazokuonyesha ni nani anayekuandikia, mara ngapi, na tangu lini, na ukizifagia zote siku ya kwanza utalazimika kungoja zirundikane upya ndipo umjue mhusika.

Kuwajua wanaokuandikia

Kazi hii ifanyike kwenye kompyuta, hata kama ni ya kuazima kwa saa moja. Katika maelezo haya nitaitumia Gmail kama mfano, kwa kuwa wateja wangu wengi wanayo, hata wale wasiojua kuwa wanayo: muuza simu aliwafungulia akaunti ya Google siku waliponunua simu ya Android, akaandika nenosiri analolijua yeye, na mambo yakaishia hapo. Ikiwa hali yako ni hiyo, jambo la kwanza kabisa ni kubadilisha nenosiri hilo. Wenye Yahoo, Outlook na nyinginezo watakuta vitufe vimekaa mahali tofauti, lakini hatua ni zilezile.

Fungua menyu iliyo upande wa kushoto wa ukurasa. Tangu 2025 Gmail imekuwa ikiweka hapo sehemu ya kusimamia barua ulizojisajili kuzipokea, nayo inawaorodhesha watumaji wako kuanzia anayekuandikia mara nyingi zaidi, pamoja na kitufe cha kujiondoa mbele ya kila mmoja. Ukiikosa sehemu hiyo, andika neno unsubscribe katika kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya ukurasa, kwa maana neno hilo la Kiingereza huandikwa chini kabisa ya karibu kila tangazo linalotumwa kwa wingi, na utafutaji huo utazitoa barua hizo mafichoni zote kwa mkupuo. Chukua karatasi, uandike majina ya watumaji wanaojirudia. Mwalimu alipoyaona majina kwenye karatasi alicheka, kwa sababu lile rundo lote lilitoka kwa watumaji wasiofika thelathini, wakiwamo duka la nguo la nchi asiyowahi kufika na mtandao wa kutafuta kazi ambao mjukuu wake aliuingia kwa simu ya babu.

Orodha hiyo uigawe katika mafungu matatu, kwa sababu kila fungu lina dawa yake na ukizichanganya dawa utajidhuru. Fungu la kwanza ni la watumaji unaowajua au uliowahi kuwapa anwani yako mwenyewe, kama vile maduka, mashirika ya ndege, mitandao ya kijamii na magazeti. La pili ni la wageni wasiojulikana wanaotangaza bidhaa ambazo hukuziuliza. La tatu ni la wenye hila, ambao hawauzi chochote bali wanalitaka nenosiri lako au fedha zako.

Kujiondoa, kuripoti na kuchuja

Kwa fungu la kwanza, jiondoe. Tumia kile kitufe ambacho Gmail yenyewe imekiweka karibu na jina la mtumaji, juu ya barua, badala ya kiungo kilichomo ndani ya barua, kwa kuwa kitufe hicho mara nyingi hakikulazimu kufungua ukurasa wa mtu mwingine. Mwaka 2024 Google na Yahoo zilianza kuwataka watumaji wa barua kwa wingi waweke njia ya kujiondoa kwa mbofyo mmoja na walitekeleze ombi hilo ndani ya siku mbili, hivyo mtumaji mwenye heshima zake atanyamaza upesi. Asiyenyamaza baada ya wiki mbili amejihamisha mwenyewe kwenda fungu la pili.

Kwa fungu la pili, usijiondoe kabisa. Mtumaji asiyekujua huwa amekusanya anwani kwa maelfu bila kujua zipi zina mtu na zipi zimetelekezwa, kwa hiyo ukibofya kiungo chake cha kujiondoa unamjulisha kwamba nyumba hii ina mwenyewe, naye atarudi na wenzake. Weka tiki kwenye barua hiyo, kisha bofya alama ya kuripoti barua taka. Kitendo hicho hufanya mambo mawili kwa pamoja: huihamishia barua kwenye folda ya taka, ambamo itafutika yenyewe baada ya siku 30, na huufundisha mtambo wa Gmail kuzitambua zinazofanana nayo, kwako na kwa wengine. Kumzuia mtumaji mmojammoja kunafaa pale tu anapotumia anwani ileile daima, kama ndugu aliyejiingiza katika biashara ya dawa za lishe. Wenye barua taka halisi hubadilisha anwani kila siku, na kuwazuia mmojammoja ni sawa na kupiga nzi kwa kandambili.

Hubaki watumaji ambao huwezi kujiondoa kwao wala hutaki kuwaona kila saa: taarifa za miamala, kumbukumbu za kundi la wazazi wa shule, ripoti za mfumo wa kazini. Hao wanahitaji kichujio, nacho hutengenezwa kwenye kompyuta, si kwenye programu ya simu. Bofya alama iliyo mwishoni mwa kisanduku cha kutafutia, andika anwani ya mtumaji katika nafasi yake, kisha chagua kuunda kichujio. Utaulizwa barua zake zifanywe nini, nawe utachagua zipite pembeni bila kuingia kwenye kikasha, yaani ule ukurasa wa barua zinazoingia, na zibandikwe lebo unayoitaka, kwa mfano "Benki" au "Shule". Usisahau kuweka tiki kwenye mstari unaotaka kichujio kitumike pia kwa barua zilizokwisha kuingia. Mstari huo mdogo ulimwondolea mwalimu barua zaidi ya elfu moja kwenye kikasha kwa kubofya mara moja.

Vichujio hivyohivyo hufanya kazi kwa upande wa pili, na mimi huviona vya maana zaidi huko. Mwalimu tulimtengenezea kichujio kinachohusu barua zenye neno "room" au neno "chumba", kilichoagizwa kwamba barua hizo zisipelekwe kamwe kwenye taka na zipewe nyota. Mtu anayengoja kuitwa kwenye usaili afanye hivyo kwa anwani ya mwajiri, na aidha aipitie folda ya taka walau mara moja kwa wiki, maana mtambo hukosea, na siku 30 zikipita kosa hilo halisahihishiki.

Kufuta kwa mafungu

Sasa ndipo tunashika tambara la deki. Andika katika kisanduku cha kutafutia maneno haya, bila nafasi kati ya herufi na alama: category:promotions older_than:1y. Gmail itakuletea matangazo yote yenye umri wa zaidi ya mwaka mmoja. Weka tiki kwenye kisanduku kidogo kilicho juu ya orodha, nawe utaona kwamba zimechaguliwa barua za ukurasa huo tu, ambazo kwa kawaida ni 50. Hapo wengi hukomea, wakafuta 50 na kukata tamaa. Tazama juu ya orodha: utatokea mstari mwembamba unaouliza kama unataka kuchagua mazungumzo yote yanayolingana na utafutaji huo. Ubofye, kisha bofya pipa. Kabla ya kufanya hivyo, pitisha macho kwenye kurasa mbili tatu za mwanzo kuhakikisha hakuna tiketi wala risiti iliyojipenyeza.

Rudia utafutaji huo kwa kila jina lililo kwenye karatasi yako kwa kuandika from: na kufuatisha anwani ya mtumaji. Kisha tafuta larger:10M, ambayo huleta barua zenye uzito unaozidi megabaiti 10. Kwa upande wa nafasi, utafutaji huu wa mwisho ndio wenye faida kubwa kuliko yote, kwa sababu tangazo la maneno ni jepesi, lakini picha za harusi alizokutumia shangazi kama viambatisho zinaweza kuwa na uzito wa matangazo mia kadhaa. Google hutoa gigabaiti 15 bila malipo, na nafasi hiyo haigawiwi barua peke yake, bali inachangiwa pia na picha na mafaili yaliyohifadhiwa katika akaunti hiyohiyo. Ndiyo maana wapo watu wanaofuta barua mchana kutwa na akaunti ikaendelea kulalamika, kumbe iliyojaa ni video za simu zinazopanda zenyewe kila inapopata Wi-Fi.

Barua zilizofutwa hukaa pipani siku 30 na zinaendelea kuhesabiwa kama uzito wako. Ukitaka nafasi leo, fungua pipa na ulimwage.

Barua zenye ndoana

Fungu la tatu nimeliweka peke yake kwa sababu halichoshi tu, linaumiza. Sote tumezoea ule ujumbe mfupi wa simu unaosema "ile hela tuma kwenye namba hii", na hata mtoto wa darasa la nne anajua kuucheka. Ndugu yake wa kwenye baruapepe huja amevaa suti. Hapa Tanga vazi analolipenda ni la zabuni na ajira, kwa kuwa mji una bandari, na una Chongoleani, ambako bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda linaishia. Kijana anayetafuta kazi ya udereva au mfanyabiashara anayeuza vifaa vya usalama akiona barua yenye nembo ya mradi mkubwa moyo humwenda mbio, na moyo ukienda mbio macho hayasomi.

Soma basi sehemu moja tu, nayo ni anwani ya mtumaji, si jina lake. Kwenye simu jina ndilo linaloonekana, na kila mtu anaweza kujiandikia jina alitakalo, kwa hiyo gusa jina hilo mpaka anwani kamili ijitokeze. Taasisi za serikali ya Tanzania hutumia anwani zinazoishia na go.tz. Neno lenye uzito hapo ni "zinazoishia": baada ya tz kusiwe na nukta nyingine wala herufi nyingine, na kabla ya go pawe na nukta, si kistari. Mteja wangu mmoja alileta barua ya zabuni ambayo anwani yake ilikuwa na go na tz ndani yake, zikitenganishwa kwa kistari, na mwisho wake ukawa com. Alikuwa ameshachapa fomu na kubakiwa na hatua moja, ya kutuma "ada ya usajili" kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Zabuni za umma siku hizi hupitia mfumo wa serikali wa NeST, kwa hiyo barua inayodai kuwa ya zabuni ya serikali ihakikiwe ndani ya mfumo huo, kwa kuufungua mwenyewe, kamwe si kwa kubofya kiungo kilichomo kwenye barua.

Barua ya namna hii usiijibu hata kwa matusi, usifungue kiambatisho chake, wala usijiondoe. Iripoti kuwa ni ya hadaa kupitia menyu ya nukta tatu iliyo kwenye barua yenyewe. Ikiwa umeshaandika nenosiri lako mahali ulipopelekwa, libadilishe mara moja, pamoja na kila akaunti nyingine uliyoipa nenosiri hilohilo, kisha uwashe uthibitishaji wa hatua mbili, yaani anayeingia adaiwe uthibitisho mwingine, kwa mfano kupitia simu yako, juu ya nenosiri.

Mafuriko ya ghafla

Kuna hali moja isiyofanana na hizo zote. Ikitokea ukapokea mamia ya barua ndani ya saa moja, nyingi zikikushukuru kwa kujisajili katika tovuti usizozijua na kwa lugha usizozisoma, acha kila unalolifanya na usianze kufuta. Mara nyingi mtu amekumwagia mafuriko hayo kwa makusudi ili kuificha barua moja: taarifa ya benki, uthibitisho wa ununuzi, au ilani kwamba nenosiri lako limebadilishwa. Tafuta jina la benki yako, tafuta neno "password" na neno "nenosiri", na uangalie salio kwa njia nyingine isiyo ya baruapepe. Ukikuta muamala usioufahamu, pigia benki kwanza. Barua za kujisajili zitapungua zenyewe baada ya siku chache, nawe utazifuta kwa mafungu kama ilivyoelezwa.

Hali nyingine inayotisha bila sababu kubwa ni kupokea barua nyingi zinazosema kwamba ujumbe wako haukufika, ilhali hukutuma kitu. Huenda mtu ameiandika anwani yako kama ya mtumaji, jambo linalowezekana bila kuingia katika akaunti yako. Kagua folda ya barua zilizotumwa, na ukikuta ni shwari huna haja ya kufunga akaunti.

Anwani isizagae

Mwalimu alikuwa ameiandika anwani yake kila mahali, kuanzia daftari la mashindano dukani hadi mtandao wa mjukuu. Mwenye biashara hawezi kuificha anwani, lakini anaweza kuwa nazo mbili, moja ya wageni na nyingine ya benki na mambo ya serikali. Gmail ina hila nyingine nzuri: ukiongeza alama ya kujumlisha na neno lolote baada ya jina lako, kama vile jina+duka@gmail.com, barua zitakufikia vilevile, nawe utajua nani aliyeiuza anwani yako siku tangazo la mgeni litakapokuja na neno "duka" ndani yake. Baadhi ya fomu huikataa alama hiyo.

Kuhusu sheria, nisimpe mtu matumaini yaliyozidi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inagusa ujumbe usioombwa, lakini ule unaotumwa kwa nia ya kutenda kosa, kwa hiyo tangazo la viatu halimo. Dhidi ya kampuni ya hapa nchini inayong'ang'ania kukutangazia, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakupa haki ya kuitaka iache, na Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi hupokea malalamiko. Kampuni iliyoko ng'ambo mwachie mtambo wa taka.

Yote haya yakiisha, na kama ulikuwa kwenye kompyuta ya steshenari, bofya picha yako iliyo pembeni juu na utoke kwenye akaunti, kisha umwombe mwenye duka afungue tena ukurasa ule mbele yako. Ukitakiwa kuandika nenosiri, umetoka. Ukiona barua zako, hujatoka, na hapo dukani kwangu hukutwa akaunti kama tatu kila jioni ninapofunga.